Sayyid Said bin Sultan: Jinsi Alivyoitia Nguvu Dola Yake, na Jinsi Nguvu Hizo Zilivyopotea

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye ufalme wote ni wake, na killa mwenye kutawala hapa duniani ameazimwa tu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, katika somo hili tumekusudia kutazama jambo moja: dola hupataje nguvu, na nguvu hizo huondokaje. Wanafunzi wa tarikhi husoma khabari za wafalme wa Maghrib, kama Ahmad al-Mansur aliyetawala Moroko tangu mwaka wa 1578 hatta 1603, na Mulay Ismail aliyetawala huko tangu 1672 hatta 1727. Ni vema kuzisoma, nasi tutazigusa mbele. Lakini mtu huanza na nyumba yake kabla ya nyumba ya jirani. Na nyumba yetu sisi watu wa pwani ina khabari ya mtawala ambaye jina lake halijasahauliwa tangu Maskati hatta Ujiji. Naye ni Sayyid Said bin Sultan bin Imam Ahmad al-Busaidi, aliyeshika utawala mwaka wa 1806, sawa na 1221 Hijri, akafa mwaka wa 1856, sawa na 1273 Hijri. Miaka hamsini kamili.

Wako watu wamtajao kwa sifa tupu, na wako wamtajao kwa lawama tupu. Wote wawili hawajifunzi kitu. Mwenye kutaka ilimu na apime, aseme hili lilikuwa jema na hili lilikuwa ovu, na ajue sababu ya killa moja.

FASILI YA KWANZA: DOLA ALIYOIRITHI

Waarabu wa Oman waliwatoa Wareno katika ngome ya Mombasa mwaka wa 1698, chini ya maimamu wa ukoo wa Yaarubi. Baadaye, katikati ya karne ya kumi na nane, uimamu ukamwangukia Ahmad bin Said al-Busaidi. Lakini Mazrui waliokuwa maliwali wa Mombasa hawakumkubali, wakashika mji kwa nafsi yao. Basi tangu hapo dola ya Mabusaidi katika pwani yetu ikawa ni Unguja na Kilwa na mahali pachache penginepo, na Mombasa ikawa mbali nao.

Sultan bin Ahmad, baba yake Said, aliuawa baharini mwaka wa 1804. Said alikuwa kijana mdogo. Binamu yake Badr bin Sayf akashika mambo, na kwa kuitafutia nafsi yake nguvu akawategemea watu wa Najd. Mwaka wa 1806 Said akamwua Badr, akatawala. Jambo hili hatulifichi wala hatulipambi: mwanzo wa utawala wake una damu ya jamaa.

Sasa tazama mkononi mwake palikuwa na nini. Oman ni milima na jangwa na mitende. Nyuma yake walikuwako watu wa Najd wakimsukuma nchi kavu. Mbele yake, baharini, Waingereza na Wafaransa wakishindana. Kabila za bara ya Oman zilimtii leo na kumwasi kesho. Mtawala wa namna hiyo hawezi kuishi kwa kodi ya mashamba, wala hawezi kulisha jeshi kubwa. Kilichobaki ni bahari. Said alilifahamu hilo mapema, na hekima yake yote ya dunia imo katika ufahamu huo.

FASILI YA PILI: BANDARI NA USHURU

Mara ya kwanza alifika Unguja mwanzoni mwa mwaka wa 1828. Akapapenda, akajenga Mtoni, akawa akija na kurudi. Baina ya 1832 na 1840 akahamishia huko makao yake. Watu hustaajabu: vipi mfalme auache mji wa baba zake akakae kisiwani? Lakini msomaji wa pwani ajua jibu. Unguja ina bandari yenye kina, ina maji matamu ambayo Maskati inayatamani, nayo imeielekea Mrima ambako pembe na sandarusi hutoka. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi huyarudisha. Aliyeshika Unguja ameshika mlango, na mwenye mlango hahitaji kuimiliki nyumba nzima.

Mlango huo aliuwekea kanuni nyepesi. Bidhaa ya kigeni ililipa ushuru mmoja wa tano katika mia, bila ya kuongezewa killa siku jambo jipya. Mfanya biashara hachukii ushuru kama anavyochukia ushuru usiojulikana. Akijua atatoa kiasi gani, hufanya hesabu yake, akaleta mali yake.

Na katika kuukusanya ushuru huo, Said hakuweka kundi la makarani. Alikodisha forodha. Aliyeikodi kwa miaka mingi ni nyumba ya Jairam Shivji, Banyani wa Kach. Mkodishaji alimlipa Sayyid fedha maalumu kwa mwaka, kisha yeye akakusanya mwenyewe, faida yake na hasara yake ikawa juu yake. Hivyo Sayyid akapata mapato yaliyo yakini, mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Banyani si Mwislamu, na Said hakulijali hilo katika jambo la hesabu. Alitazama uaminifu na uwezo. Wahindi wakapata amani ya mali zao na ibada zao, wakaja kwa wingi, nao ndio waliokopesha bidhaa kwa misafara ya bara. Aidha aliingiza pesa za shaba kutoka Bara Hindi, kwani riyali ya fedha ni nzito mno kwa mtu anunuaye muhogo na dagaa.

FASILI YA TATU: MIKATABA NA MATAIFA

Jambo la pili ni mikataba. Mwezi wa Septemba 1833 alifanya mkataba na Marekani. Mwaka wa 1839 na Uingereza. Mwaka wa 1844 na Ufaransa. Balozi wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja mwaka wa 1837, na wa Uingereza, Atkins Hamerton, mwaka wa 1841. Merikebu za mji wa Salem zilileta nguo nyeupe za pamba, nasi hatta leo twaiita nguo ile marikani, wala wengi wetu hatufikiri jina limetoka wapi.

Mwaka wa 1840 akapeleka merikebu yake Sultana hatta New York, chini ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende na buni na pembe na karafuu na ngozi. Kabla ya hapo alimpa Mfalme William wa Uingereza manowari yake iitwayo Liverpool. Mwenye kuona zawadi hizo huenda akadhani ni israfu. Sivyo. Said alijua hana nguvu ya kupigana na Mzungu baharini, basi akataka ajulikane kuwa ni mfalme miongoni mwa wafalme, si chifu wa bandari. Na katika mkataba wa 1839 alijihifadhia jambo kubwa: biashara ya pembe na sandarusi katika pwani ya Mrima haikufunguliwa kwa Waingereza. Wao wakanunue Unguja. Mrima ni ya raia zake.

FASILI YA NNE: KARAFUU

Jambo la tatu ni shamba. Mkarafuu si mti wa kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Wafaransa wakaupanda Mauritius na Bourbon, na kutoka huko ukaletwa Unguja katika miaka ya 1810. Mwenye kutajwa kwa kuuleta ni Saleh bin Haramil al-Abri. Said alipouona unashika katika udongo wa Unguja, akahimiza watu wapande, na yapokewa kwa wazee kwamba aliamuru killa penye mnazi mmoja ipandwe mikarafuu mitatu. Yeye mwenyewe akawa mwenye mashamba mengi kupita wote.

Katika muda wa miaka ishirini kisiwa kilichokuwa cha minazi na mpunga kikawa cha karafuu. Faida yake ilikuwa kubwa; lakini na tuseme mawili. La kwanza, watu walipopanda wote kitu kimoja, bei ya frasila iliporomoka kabla ya Said kufa. Kisha tufani ya mwaka wa 1872 ikaangusha mikarafuu ya Unguja karibu yote, na Pemba ndiyo iliyosalimika. La pili ni zito zaidi: wenyeji wa upande wa magharibi wa kisiwa walisogezwa kwenye ardhi ya mawe, na mikono iliyopanda na kuchuma ilikuwa mikono ya watumwa. Tutalirudia.

FASILI YA TANO: BARAZA, MAKADHI NA MWINYI MKUU

Jambo la nne ni namna alivyowaendea watu. Said alikuwa Ibadhi, na raia zake wengi wa pwani walikuwa Shafii. Angeliweza kuwalazimisha madhehebu yake, kama wengine walivyofanya katika nchi nyingine, akavunja dola yake kwa mkono wake. Hakufanya hivyo. Aliweka makadhi wa Ibadhi kwa Maibadhi, na makadhi wa Shafii kwa Mashafii. Sheikh Muhyiddin bin Sheikh al-Qahtani, mzaliwa wa Barawa, Shafii, alikuwa kadhi wake Unguja, mwanachuoni na mshairi, na Sayyid alimtumia katika mambo ya suluhu. Mtu aliyedhulumiwa alijua kwamba atahukumiwa kwa fikihi aliyolelewa nayo. Nguvu ya namna hii haionekani katika hesabu ya mizinga, lakini ndiyo inayomfanya mtu alale usingizi katika mji asiozaliwa.

Alikuwa na ada ya kuketi barazani, wakubwa na wadogo wakafika mbele yake. Binti yake Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka wa 1844, ameandika khabari za baraza hizo katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1886.

Na Mwinyi Mkuu, mtawala wa asili wa Wahadimu, hakumwondoa. Alimwachia heshima yake na watu wake huko Dunga, naye akawa mkono wa kukusanya kodi na kutoa watu wa kazi. Hii ni siasa ya mtu mwenye askari wachache: pale penye mwenyeji anayetiiwa, mtumie mwenyeji.

FASILI YA SITA: MOMBASA NA SIYU

Tusidhani kwamba mambo yake yote yalikuwa maneno matamu. Mazrui wa Mombasa walimkataa, na mwaka wa 1824 wakapandisha bendera ya Kiingereza kwa mkono wa Kapteni Owen wajikinge nayo, mpaka serikali ya Uingereza ikaiondoa mwaka wa 1826. Said akaja kwa merikebu zake mara baada ya mara, tangu 1828, akarudi bila ya kuushika mji sawasawa. Mombasa ina ngome, na ilikuwa na watu wa kupigana, na ilikuwa na Muyaka bin Haji aliyewatia moyo kwa mashairi. Mizinga haikuifungua.

Kilichoifungua ni ugomvi wa wenyewe. Alipokufa Liwali Salim bin Ahmad mwaka wa 1835, Mazrui wakagawanyika, na wazee wa mji wakawachoka wakamwandikia Said. Mwaka wa 1837 akaingia kwa suluhu. Baadaye wakubwa wa Mazrui wakaitwa kana kwamba wanakwenda kuonana na mwana wake Khalid; wakakamatwa, wakatiwa merikebuni, wakapelekwa Bandar Abbas, wala hawakurudi.

Hapa msomaji na asimame kidogo. Katika hesabu ya siasa, Said alishinda: adui alikwisha bila ya vita. Katika hesabu ya sharia je? Mwenyezi Mungu ameamrisha mwanzo wa Sura ya Al-Maida kutimiza ahadi, wala hakusema ahadi za wanyonge tu au za wakati wa raha tu. Na dunia yenyewe ilitoa hukumu yake. Waliosalimika walikimbilia Gasi na Takaungu, wakakaa na uchungu wao, na mwaka wa 1895, miaka hamsini na minane baadaye, Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alikuwa bado anapigana katika pwani ile. Ahadi iliyovunjwa ni deni linalorithiwa.

Na Siyu ni mfano wa pili. Katika miaka ya 1840 Said alipeleka majeshi kumpiga Bwana Mataka, na katika vita hivyo amiri wake mkubwa, Hamad bin Ahmad, akauawa. Mji mdogo wa Waswahili, penye matope na mikoko, uliyashinda majeshi ya mwenye Maskati na Unguja. Mahali alipokwenda na forodha na kadhi, alikaa. Mahali alipokwenda na bunduki peke yake, alirudi na majeneza.

FASILI YA SABA: NJIA YA BARA HATTA ZIWA

Husemwa sana kwamba zumari likipigwa Unguja, watu wa Maziwa hucheza. Sisi tulio huku ukingoni mwa Ziwa ni wajibu wetu kulipima neno hilo.

Ni kweli kwamba njia iliyoanzia Bagamoyo ikapita Ugogo hatta Unyanyembe ilijaa misafara katika zama za Said. Waarabu na Waswahili wakajenga Kazeh, karibu na Tabora ya leo, na wengine wakaendelea Ujiji. Mwaka wa 1844 Ahmad bin Ibrahim alifika Buganda kwa Kabaka Suna, naye ni katika watu wa mwanzo kuutaja Uislamu mbele ya kiti kile. Na Mwingereza Speke alipofika Mwanza mwezi wa Agosti 1858, miaka miwili tu baada ya kufa Said, alimkuta mfanya biashara wa Kiarabu amekwisha kutangulia.

Lakini je, Said alitawala huku? Hapana. Hapakuwa na liwali wake Usukuma, wala askari wake Ukerewe, wala kodi yake Buganda. Wafalme wa bara walitoza hongo misafara yake, nayo ikatoa. Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe tangu mwaka wa 1871, njia ilifungwa, na Unguja haikuwa na uwezo wa kuifungua kwa nguvu. Na wachukuzi, Wanyamwezi na Wasukuma, walikuwa watu wanaoijua njia kabla ya Mwarabu kuijua.

Kilichofika huku basi si dola. Ni imani ya mkopo: Mhindi wa forodhani alimpa Mwarabu nguo na shanga, Mwarabu akampa Mswahili, Mswahili akaja akakaa mwaka na zaidi, akarudi na pembe akalipa. Pamoja na mali hiyo ikaja lugha, na pamoja na lugha ikaja sala. Hakuna jeshi lililomlazimisha mtu wa Ziwa kutoa shahada. Waliomwona mgeni akitawadha wakauliza maana yake. Ama pamoja na hayo zilikuja pia minyororo. Na asemaye kwamba njia ile ilileta nuru tu, amefumba jicho moja.

FASILI YA NANE: MATUNDU MATATU

Said alikufa baharini karibu na Shelisheli, tarehe 19 Oktoba 1856, akiwa safarini kutoka Maskati, akazikwa Unguja. Aliacha jengo kubwa. Lakini jengo lile lilikuwa na matundu matatu, na yote matatu yaliingia maji kabla ya miaka arobaini kwisha.

Tundu la kwanza ni urithi. Dola ilikuwa mtu mmoja. Khalid, aliyetazamiwa kwa Afrika, alikufa mwaka wa 1854. Majid akabaki Unguja, Thuwaini akabaki Maskati, na Barghash alikuwa merikebuni na maiti ya baba yake, naye akajaribu kuushika mji. Mwaka wa 1859 Barghash aliasi, akapelekwa Bombay. Thuwaini naye akatayarisha merikebu kumjia nduguye. Ndipo Waingereza walipoingia kati, na mwaka wa 1861 Lord Canning, mtawala wao wa Bara Hindi, akakata hukumu: dola igawanywe mbili, na Unguja ilipe Maskati riyali 40,000 killa mwaka. Watoto wa Said walishindwa kuketi wakashauriana, basi mgeni akawagawia mali ya baba yao. Mwaka wa 1866 Thuwaini akauawa na mwanawe mwenyewe.

Na hapa Maghrib yafanana na kwetu. Ahmad al-Mansur alishika utawala Wareno waliposhindwa katika Wadi al-Makhazin mwaka wa 1578, akapeleka jeshi kuvuka jangwa likaivunja Songhai mwaka wa 1591. Alipokufa mwaka wa 1603 wanawe walipigana hatta nchi ikapasuka. Mulay Ismail aliwatoa Waspania Larache mwaka wa 1689, akajenga Meknes kwa kuta zinazostaajabiwa hatta leo. Alipokufa mwaka wa 1727, askari wake wakawa wao ndio wenye kumweka na kumwondoa sultani, na vurugu ikadumu kiasi cha miaka thelathini. Watatu hawa hawakuwa wajinga. Walijua kujenga, hawakujua kuacha.

Tundu la pili ni deni na balozi. Forodha ilipokodishwa, mkodishaji alikuwa mtumishi. Lakini Sayyid alipohitaji fedha kabla ya wakati, alikopa kwake, na katika zama za Majid mkodishaji alikuwa amekwisha kuwa mdai. Mwenye kudaiwa haamrishi. Kadhalika mikataba iliyoleta merikebu ilileta mabalozi wenye kuhukumu watu wao wenyewe, na ushuru wa tano katika mia uliofungwa kwa mkataba haukuweza tena kupandishwa dola ilipopungukiwa. Mlango aliouweka wazi kwa faida yake ukawa hauwezi kufungwa kwa amri yake. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wadachi wakapima dola ya Barghash, wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili kumi tu. Na mwaka wa 1890 Unguja ikaingia chini ya himaya ya Waingereza.

Tundu la tatu ndilo kubwa, nalo ni utumwa. Mashamba ya karafuu yalisimama juu yake, na forodha ilitoza ushuru juu yake. Said alibanwa na Waingereza mwaka wa 1822, kisha mwaka wa 1845 akakubali kukataza watumwa kutolewa Afrika kupelekwa Arabuni. Mwaka wa 1873 Barghash akafunga soko la Unguja kwa kulazimishwa, na mwaka wa 1897 sharia ya utumwa ikaondolewa visiwani. Killa mara Mzungu alipotaka kuingia ndani ya dola hii, alipita katika mlango huu, na mlango huu sisi ndio tuliouacha wazi.

Wako watu wetu wasemao: utumwa ulikuwa ada ya zama zile, na Wazungu walikuwa nao mkubwa kuliko wetu. La pili ni kweli, wala halitusafishi. Dini yetu imeweka fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa shingo, nalo limetajwa katika Sura ya At-Tawba; imefanya kumwacha mtu huru kuwa kafara ya makosa; na fikihi haikumhalalishia mtu kumteka mtu huru njiani kwa sababu tu ni mnyonge na yuko mbali na kwao. Waliotekwa nyumba zao zikachomwa, kisha wakauzwa Unguja, wengi wao hawakutekwa katika jihadi ya imamu. Walitekwa katika biashara. Mwenye kutaka kuliita hilo sharia na alete dalili.

Wala wanavyuoni wote hawakunyamaza katika mambo kama haya. Mulay Ismail alijenga jeshi la watu weusi walioapishwa juu ya Sahih al-Bukhari, na katika kulikusanya akawaandika utumwani watu waliokuwa huru na Waislamu. Wanavyuoni wa Fes wakakataa kuandika kwamba ni halali. Mmoja wao, Sheikh Abd al-Salam Jasus, alishika neno lake hatta akafungwa, mali yake ikachukuliwa, na mwaka wa 1709 akauawa. Hakuwa na askari hata mmoja. Jeshi aliloliogopa killa mtu ndilo lililokuja kuivunja dola ya bwana wake, na kalamu ya Sheikh haikuvunjika.

KHATIMA

Sasa tukusanye tuliyoyasoma. Said alitia nguvu dola yake kwa ushuru mwepesi unaojulikana, kwa kumweka mwaminifu katika kazi bila ya kuuliza kabila lake, kwa kuacha killa madhehebu yahukumiwe kwa fikihi yake, na kwa kujua kiasi cha uwezo wake. Hayo ni mema, na Mwislamu asione haya kuyasifu. Dola yake ikadhoofika kwa kuwa imemtegemea mtu mmoja bila ya shura, kwa deni, kwa ahadi iliyovunjwa, na kwa dhulma juu ya wanyonge. Na hayo ni maovu, na Mwislamu asione haya kuyataja.

Usiseme, ewe msomaji, kwamba mimi si mfalme, mambo haya yanihusu nini? Msikiti wenye mweka hazina mmoja asiyeulizwa hesabu, ni dola ya mtu mmoja. Wakfu ambao mwangalizi wake amekufa na hapana aliyeandikiwa kumfuata, ni Unguja ya mwaka wa 1856. Duka linalostawi kwa mshahara wa kijana asiyelipwa haki yake, ni shamba la karafuu. Na chama cha Waislamu kinachokopa kwa mtu mmoja tajiri mpaka hakiwezi kumkataza neno, kimekodisha forodha yake.

Na juu ya yote tazama kilichobaki. Manowari za Said zimekwisha. Mtoni ni magofu. Kiti alichokiacha Unguja kiliondoka Januari 1964. Lakini ukanda huu wa Ziwa, ambao yeye hakuutawala hata siku moja, waadhiniwa mara tano kwa siku, na watu wake waafikiana na kugombana na kupatana kwa Kiswahili. Hayo hayakuletwa na mizinga. Yaliletwa na watu wasiokuwa na cheo, waliolipa deni zao na kusimamisha sala zao mbele ya wageni. Walio hodari kuliko Said katika kazi hiyo hatuyajui majina yao, na Mwenyezi Mungu ayajua.

MASWALI YA MWANAFUNZI

1. Kwa nini Said aliichagua Unguja badala ya Maskati? Taja sababu tatu.

2. Ni faida gani aliyoipata kwa kukodisha forodha, na faida hiyo iligeukaje kuwa hasara?

3. Linganisha Mombasa ya 1837 na Siyu ya miaka ya 1840. Ni ipi kati ya njia hizo mbili iliyomgharimu zaidi, nawe wahesabuje gharama?

4. Sheikh Jasus alikataa kuandika fatwa. Je, waonaje: alishindwa au alishinda?

5. Chukua jambo moja la jamaa mnalolishirikiana, kama msikiti, madrasa au wakfu. Akifa leo anayelisimamia, kesho nani ataamka nalo? Jibu hili msimwandikie mwalimu. Lijibuni wenyewe kwa wenyewe.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mkuyuni, Mwanza.